Deki mpya ya bei rahisi, deki ya mtumba au flashi tu: ipi inafaa TV ya nyumbani kwako?

Mama yangu anaishi Korogwe, na kitu anachokipenda kuliko tamthilia zote ni DVD ya harusi ya mdogo wangu wa kike. Harusi ilikuwa 2011, marehemu baba akiwa bado mzima, na ndani ya ile CD kuna dakika kama nne baba anazungumza, anamkabidhi binti yake kwa wakwe. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote. Kwa hiyo deki yetu ya zamani ilipokufa, nilikwenda Kariakoo na jambo moja tu kichwani: Mama aendelee kumsikia baba.

Nikanunua mpya, shilingi 55,000. Boksi lilikuwa limejaa ahadi: HDMI, 1080p, USB, inasoma CD za kila aina. Muuzaji akaiwasha, akatia CD yake ya bongofleva, ikaimba vizuri, tukafunga boksi. Korogwe tukaanza na kwaya, ikasoma. Tukatia harusi. Trei ikaingia, CD ikasikika ikizunguka, ikapunguza mwendo, ikazunguka tena, na lenzi ikawa inagonga tk, tk, inapanda na kushuka kutafuta. Kisha kwenye skrini ya bluu yakatokea maandishi: NO DISC. Tulijaribu mara tano. Mama akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona kwaya inasoma lakini harusi inakataa?"

Sikuwa na jibu siku ile. Tangu hapo nimekaa na hiyo deki mpya, nimenunua nyingine iliyotumika, na nimehamishia CD zetu kwenye flashi. Kila njia ina mahali inapofaa na mahali inapokuangusha. Kama uko njia panda, haya ndiyo niliyoyaona.

Tunapima nini

Nimepima mambo matano. La kwanza ni kwamba kifaa kinasoma nini, na hapa fikiria zile CD zako hasa, zilizo kwenye droo au kwenye pochi, maana ndizo utakazotia kila siku. La pili, kinaungana vipi na TV uliyonayo sasa. La tatu, kinastahimili vipi umeme wetu. La nne, kikiharibika fundi anaweza kufanya nini. La tano ni pesa yote, ile ya dukani na ile itakayokutoka baadaye.

Jambo la kwanza linastahili maelezo kidogo, kwa sababu ndilo lenye jibu la swali la Mama.

Droo ya nyumba ya kawaida huwa na CD za namna kadhaa zinazofanana kwa macho. Kuna VCD, zile ambazo muvi moja inakuja na CD mbili kwa kuwa moja inabeba dakika 80 hivi. Kuna DVD za kiwandani: kwaya, taarabu, mawaidha, muvi za Bongo zilizouzwa dukani. Halafu kuna DVD zilizochomwa kwenye kompyuta, nazo ni harusi, kipaimara, msiba, na karibu muvi zote za kutafsiriwa zinazouzwa mtaani. Ya kiwandani imegongwa kama mhuri: vishimo vidogo sana vimegandamizwa kwenye plastiki na kupakwa metali, na mwanga wa leza ukiipiga unarudi na nguvu. Iliyochomwa haina vishimo. Ina tabaka la rangi, ndiyo maana ukiigeuza mara nyingi utaona zambarau au buluu, na leza ya kompyuta imeiunguza rangi hiyo ili kuandika. Mwanga unaorudi ni hafifu zaidi, na rangi yenyewe huchakaa kwa joto na jua kadiri miaka inavyokwenda. Zile za kufutika, DVD-RW, zinarudisha mwanga hafifu kuliko zote.

Kwaya ya Mama imegongwa kiwandani. Harusi ilichomwa na mpiga video kwenye kompyuta yake. Lenzi dhaifu inaiona ya kwanza na kupita juu ya ya pili kama vile trei haina kitu.

Kabla hujailaumu deki yoyote, ikague CD kwanza. Data ya VCD iko juu, chini tu ya ile picha au maandishi, kwa hiyo mkwaruzo wa upande wa maandishi ndio unaoiua. Iinue kwenye mwanga. Ukiona matundu madogo yanayopitisha nuru, hapo data imekwenda na hakuna mashine itakayoirudisha. DVD imetengenezwa kwa plastiki mbili zilizogundishwa na data imelala katikati, kwa hiyo mikwaruzo midogo ya upande wa chini mara nyingi inapona kwa kufutwa tu. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo unafuata njia ya data na deki inashindwa kuruka.

Deki mpya ya bei rahisi

*Kusoma.* Ikiwa mpya, deki hizi zinasoma za kiwandani bila shida, zinasoma VCD, zinasoma CD za nyimbo za MP3. Zilizochomwa ni bahati. Kati ya kumi nilizojaribu kwenye yangu, sita zilisoma, mbili zilikuwa zinaganda katikati, mbili hazikuonekana kabisa.

Lakini zina fadhila moja ambayo deki za majina makubwa hazina, nayo ni kutobagua nchi. DVD za kiwandani hupewa namba ya kanda. Afrika Mashariki tuko kanda ya 5, Ulaya na nchi za Ghuba ni kanda ya 2, Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Deki nyingi za bei rahisi hazijali namba hizo. Shangazi yetu aliye Muscat alituletea DVD mbili za kule, zikasoma mara ya kwanza. Mwenye ndugu Uarabuni au Ulaya wanaotuma CD asilidharau jambo hili.

Tundu la USB la mbele ndilo linalowapotosha wengi. Boksi linaandika MPEG-4, mnunuzi anafikiri video yoyote ya simu au ya kudaunlodi itacheza. Nyingi ya deki hizi zinaelewa mafaili ya zamani ya AVI. Video za siku hizi zimefungwa kwa mtindo wa H.264, na chipu ya ndani haiwezi kuufungua, hivyo utapata sauti bila picha, au hata sauti hutapata. Juu ya hapo, nyingi zinataka flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Ukinunua deki ya namna hii, hesabu kwamba USB yake ni ya nyimbo.

*Kuunganisha.* Kwa mwenye TV ya chogo hakuna kinachoishinda: waya wa njano kwa picha, mweupe na mwekundu kwa sauti, basi. TV bapa nyingi za sasa hazina tena yale matundu matatu. Zina tundu dogo kama la hedifoni linalohitaji waya wake maalumu, au zina HDMI tu, tundu la waya mmoja unaobeba picha na sauti pamoja. Angalia nyuma ya TV yako kabla hujatoka nyumbani, na ukifika dukani geuza deki uone nyuma yake kwa macho yako. Jirani yetu alinunua iliyochorwa HDMI kwenye boksi, na nyuma ya mashine tundu hilo halikuwepo.

Hiyo 1080p, yaani picha ya mistari 1080, isikupandishie bei kichwani. Picha ya DVD kwa mfumo wetu wa PAL ina nukta 720 kwa 576, na deki inachofanya ni kuivuta ijae skrini. HDMI inaonekana safi kuliko waya wa njano, hilo ni kweli kabisa, maana rangi hazivuji pembeni. Ila picha iliyopigwa 2011 inabaki kuwa ya 2011.

*Umeme.* Hazili umeme mwingi, kwa kawaida hazifiki wati 20. Udhaifu uko kwenye ile bodi ndogo ya kupokea umeme. Yangu ilipofunguliwa, nilishangaa uwazi uliomo: kibodi cha umeme upande mmoja, kibodi cha pili chenye chipu, mtambo wa kuzungusha CD katikati, na hewa. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kapasita huvimba kichwa, na deki inabaki kuwasha taa nyekundu bila kuamka. Chomoa kila unapomaliza.

*Fundi.* Hapa pana uzuri na hatari. Uzuri ni kwamba lenzi zake zimezagaa na kila fundi wa mtaani anazijua. Hatari ni ile dawa ya haraka. Pembeni ya lenzi kuna skrubu ndogo sana inayodhibiti nguvu ya leza. Fundi wetu aliigusa kwa bisibisi, akaizungusha kama robo, harusi ikasoma papo hapo, tukafurahi. Wiki saba baadaye haikusoma hata kwaya. Leza iliyoongezwa nguvu inawaka kwa joto kuliko ilivyokusudiwa, inakufa mapema. Fundi akikwambia "nitaipandisha kidogo", mwombe abadilishe lenzi nzima, au umwambie aache.

*Pesa.* Mimi nililipa 55,000 dukani, 10,000 kwa ile skrubu, halafu 20,000 kwa lenzi mpya na ufundi. Jumla 85,000 ndani ya mwaka mmoja.

*Inamfaa* mwenye TV ya chogo, mwenye CD za kiwandani kwa wingi, mwenye VCD za zamani, anayepokea CD kutoka nchi mbalimbali, na yule ambaye deki itashikwa na watoto na hataki kuumia sana ikivunjika. Haimfai mwenye droo iliyojaa CD za kuchomwa.

Deki ya mtumba yenye jina

*Kusoma.* Ya pili niliinunua Unguja, Darajani, ya kampuni ya Japani iliyotumika Ulaya. Niliibeba mkononi nikaona tofauti: ina uzito, kifuniko chake ni bati zito, na trei ikitoka haitikisiki. Safari hii nilikuwa na CD ya harusi kwenye mkoba. Niliitoa pale pale dukani, nikaitia. Ilifikiri kama sekunde kumi na tano. Kisha ikatokea picha ya mdogo wangu na jina lake kwa herufi za dhahabu.

Iliganda mara moja, karibu na mwisho, ikaruka, ikaendelea. Lenzi nzuri pamoja na mtambo unaorekebisha makosa vizuri vinasoma CD ambazo nyingine inazikataa, na hapo ndipo thamani ya jina ilipo.

Kanda ndiyo kasoro yake kubwa. Iliyotoka Ulaya imefungwa kanda ya 2, ikikutana na DVD ya kiwandani ya kanda ya 1 kutoka kwa ndugu wa Marekani inakataa. Baadhi hufunguliwa kwa namba za siri kupitia rimoti, nyingine hazifunguki. DVD za kuchomwa kwa kawaida hazina kanda, kwa hiyo harusi na misiba haiguswi na tatizo hili. Nyingi za zamani pia hazina USB kabisa.

*Kuunganisha.* Deki za Ulaya zinapenda plagi pana ya pini nyingi inayoitwa SCART, na TV zetu nyingi hazina tundu lake. Hakikisha ina njano, nyeupe na nyekundu, au HDMI. Na usikubali kuichukua bila rimoti yake. Deki nyingi zenye jina zina vitufe viwili vitatu tu usoni. Bila rimoti huwezi kuchagua chochote kwenye menyu, na CD ya harusi yenye menyu itakaa inapiga muziki ule ule wa mwanzo. Rimoti za kila kitu za sokoni zinasaidia wakati mwingine, nazo zijaribu kabla hujalipa.

*Umeme.* Soma kibandiko cha nyuma, hata kama muuzaji anakuharakisha. Kikiandikwa 100–240V au 230V uko salama. Kikiandikwa 100V peke yake, hiyo ilitengenezewa soko la Japani. 120V ni ya Marekani. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu ya volti 230, zitaungua hapo hapo, na utahitaji transfoma ya kushusha ambayo nayo ni gharama na usumbufu. Wengi wamepoteza mashine nzuri kwa kutosoma mstari mmoja.

*Fundi.* Ikiwa trei inagoma kutoka, mara nyingi ni mkanda mdogo wa mpira uliolegea, na hilo ni jambo la dakika chache. Lenzi ni habari nyingine: ya modeli hiyo hasa inaweza isipatikane, na fundi akikuwekea inayofanana sura inaweza kusoma au isisome. Kumbuka pia lenzi hiyo imeshafanya kazi kwa mtu mwingine miaka usiyoijua.

*Pesa.* Nililipa 70,000, hakuna waranti, hakuna siku ya kurudisha. Tangu hapo nimetumia 5,000 ya mkanda. Mwingine anaweza kutoa 70,000 ile ile akapata iliyokufa baada ya mwezi, na hapo hana wa kumlalamikia.

*Inamfaa* mwenye CD za kuchomwa anazozithamini, mwenye subira ya kukagua, na anayeishi karibu na fundi anayemwamini. Haimfai anayenunua kwa kuagiza bila kuiona, wala anayetaka mashine ya kumpelekea mzazi kijijini siku hiyo hiyo bila kuijaribu.

Flashi kwenye TV, bila deki kabisa

*Kusoma.* Hapa unayemtegemea ni TV. TV bapa nyingi zenye tundu la USB zinacheza MP4 ya H.264 bila tatizo. Zinazosumbua ni video zenye sauti iliyofungwa kwa mtindo wa AC3 au DTS, ambazo TV kadhaa hazina ruhusa ya kuzifungua, ukaona midomo inatembea kimya. TV ya chogo haina USB, ila kabla hujakata tamaa geuza king'amuzi chako, maana baadhi vina tundu hilo na vinacheza video.

Kuhamisha kwenyewe kunahitaji uangalifu. Ukifungua DVD kwenye kompyuta utakuta folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB yaliyokatwa vipande visivyozidi GB 1. Vijana wa stesheneri hupenda kuvikopi hivyo hivyo kwenye flashi. Vinacheza kwenye TV nyingine, ila vinakatika kati ya kipande na kipande, na kwa hotuba ya baba ilikatika katikati ya sentensi. Waambie waunganishe na kugeuza kuwa MP4 moja, sauti iwe AAC. Programu ya HandBrake inafanya kazi hiyo bure.

CD yetu ilikwama kwenye kompyuta ya kwanza ilipofika asilimia tisini na kitu. Tukaifuta, tukaipeleka kwenye kompyuta nyingine yenye drive tofauti, ikamaliza yote. Drive hazilingani kama lenzi za deki zisivyolingana, kwa hiyo ukikataliwa sehemu moja jaribu ya pili na ya tatu. Na usichelewe: rangi ya CD ya kuchomwa inaendelea kuchakaa hata ikiwa kabatini, na siku drive zote zitakapoikataa hakuna tena cha kuhamisha.

*Kuunganisha.* Hakuna waya. Lakini kwa mzee, njia hii ina ugumu ambao vijana hatuuoni. Mama anajua CD: anaona picha ya bibi harusi kwenye kava, anaitia, anakaa. Flashi inampa orodha ya majina ya ajabu ajabu, na rimoti yenye vitufe arobaini. Tuliyabadilisha majina tukaandika 1 HARUSI, 2 KIPAIMARA, 3 KWAYA. Sasa anafika mwenyewe, ingawa bado ananipigia mara moja moja: "Mwanangu, hiyo USB nimeipoteza tena kwenye TV, nibonyeze wapi?"

*Umeme.* Hautumii zaidi ya ule wa TV. Kwa nyumba ya sola, kuondoa deki ni nafuu inayoonekana.

*Fundi.* Hayupo. CD ikikwaruzika unapoteza dakika mbili. Flashi ikifa unapoteza vyote kwa mara moja, na haitoi onyo. Kuna pia flashi bandia zinazojitangaza GB 64 kumbe ndani ni GB 8: zinapokea mafaili yote, majina unayaona, ukifungua hayachezi. Ukinunua, ijaze kisha fungua faili la mwisho kabla hujafuta chochote mahali pengine.

*Pesa.* Flashi ya GB 32 nilinunua 15,000, na kuhamisha nililipa 5,000 kwa kila CD. Kwa CD nne ni 35,000. Kwa CD mia moja hesabu inageuka kabisa, na hapo deki inakuwa ya bei rahisi.

Nina neno hapa kuhusu muvi. Vibanda vinavyojaza flashi muvi hamsini kwa bei ya soda mbili havimpi msanii wetu chochote. Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza kutoa stempu za kubandikwa kwenye CD na DVD za muziki na filamu mwaka 2013 ili ya halali ijulikane, na wengi tuliona kava zenye stempu zikizidi kuadimika kadiri flashi zilivyoenea. Kuhamisha harusi yako mwenyewe ni jambo jingine kabisa, na hiyo ndiyo ninayoizungumzia.

*Inamfaa* mwenye TV bapa na CD chache za thamani, mwenye nyumba ya sola, na yeyote anayeogopa kupoteza kumbukumbu ya familia. Haimfai mwenye mamia ya CD, wala mzee aliye peke yake bila wa kumwelekeza siku za mwanzo.

Zipo pia deki za kubeba zenye skrini yake na betri. Zinafaa safarini na umeme ukikatika, ila betri huchoka mapema na lenzi zake nyingi ni za daraja la deki ya bei rahisi. Na deki ya Blu-ray inasoma DVD vizuri sana, lakini kama huna CD za Blu-ray, sioni sababu ya kuilipia.

Ukiwa dukani

Nenda na CD yako iliyo mbovu kuliko zote ambayo bado unaihitaji. Usikubali kujaribiwa kwa CD ya muuzaji, maana ile ameichagua kwa sababu inasoma. Ikianza, ruka mpaka dakika za mwisho: DVD inaandikwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko lenzi dhaifu na CD iliyopinda vinakogombana. Sikiliza. Mlio wa tk, tk unaojirudia ni lenzi inayotafuta bila kupata. Tia flashi yako pia, yenye video ya simu yako, kama USB ni sehemu ya unacholipia.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na waranti iandikwe tarehe na namba ya mashine. Nilipoirudisha ile deki mpya siku ya tisa, nilioneshwa karatasi ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na risiti yangu ilikuwa kipande cha daftari kisicho na jina la duka. Malalamiko ya mlaji hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC, ila bila risiti ya kueleweka huna cha kuwaonesha.

Kwa hali yako

Kama una TV ya chogo na unapenda kwaya, taarabu na muvi za dukani, chukua deki mpya ya bei rahisi, uichomoe kila usiku, na usilipie zaidi kwa ajili ya HDMI ambayo TV yako haina.

Kama una TV bapa na CD tatu nne tu unazozijali, hamishia kwenye flashi na usinunue deki.

Kama droo imejaa CD za kuchomwa na mjini kwenu kuna duka la mtumba unaloweza kuingia na CD yako mkononi, tafuta deki yenye jina, soma kibandiko cha volti, chukua na rimoti.

Kama unapokea CD kutoka Oman, Ulaya na Marekani kwa mchanganyiko, ile ya bei rahisi itakuhudumia kuliko ya jina, au uwe nazo mbili.

Kama unamnunulia mzazi, angalia kwanza mkono wake umezoea nini. Aliyezoea kutia CD mpe deki, na flashi umwekee kama akiba.

Na kama ndani ya CD kuna mtu ambaye hayupo tena, usingoje kuchagua mashine. Hamisha wiki hii, weka nakala kwenye flashi mbili na simu ya ndugu mmoja aliye mbali, kisha ndiyo uende dukani kwa utulivu. Kwetu ya kwanza iko Korogwe, ya pili ninayo mimi, ya tatu iko kwenye simu ya mdogo wangu mwenyewe. CD yenyewe tumeirudisha kwenye kava lake, kabatini, mbali na dirisha, na jioni za Jumapili Mama bado anaitoa na kuitia kwenye ile deki nzito ya Darajani.